Kipimo cha pili: Nani anafuatilia sukari ya mgonjwa mahututi wa Eastlands?

*Wataalamu wa dunia wamebishana kwa zaidi ya miaka 20 kuhusu kiwango cha sukari kinachomfaa mgonjwa aliye taabani. Katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi kuna swali linalotangulia hilo: nambari ya kwanza ikishapatikana, nani atarudi kupima tena, saa ngapi, na kwa kifaa gani?*

Mgonjwa anayezidiwa usiku Kayole, Dandora, Umoja au Kariobangi huweza kudungwa kidole mara tatu kabla ya kulazwa kwenye kitanda chenye mashine ya kupumulia: mara ya kwanza nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii, mara ya pili kwenye kliniki ya mtaa, na mara ya tatu katika kitengo cha dharura cha hospitali ya rufaa. Nambari hizo tatu, ambazo zikipangwa pamoja zingeeleza mwili wake unaelekea wapi, ni rahisi mno zisikutane kamwe kwenye karatasi moja.

Kukatika huko kwa habari ndiko kunakochunguzwa katika makala haya. Kwa mtu mwenye afya, sukari ya damu hujiendesha yenyewe, ikikaa kati ya milimoli 4 na 6 hivi kwa lita kabla ya kula, na mwenyewe hana habari. Kwa mgonjwa mahututi, yaani mtu ambaye kiungo kimoja au zaidi kati ya vile vinavyoshikilia uhai kimeanza kushindwa na kazi yake, mizani hiyo huvunjika, na nambari iliyosomwa saa mbili usiku yaweza kuwa haina maana ifikapo saa nne.

Milimoli ni kipimo kinachotumiwa katika hospitali za Kenya. Baadhi ya vifaa vya kupimia huonyesha miligramu kwa desilita, na mtu akizidisha milimoli kwa 18 hupata miligramu hizo. Kwa hiyo nambari 54 kwenye kifaa kimoja na nambari 3 kwenye kingine ni kitu kilekile. Nambari iliyoandikwa bila kipimo chake, basi, ni nusu ya habari tu.

Mwili unapojila wenyewe

Glukosi ni sukari sahili inayosafirishwa na damu na kuchomwa na seli ili zipate nguvu. Ubongo wa mtu mzima hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku na hauna ghala lake, hivyo huishi kwa kutegemea kinachopita. Ghala liko kwenye ini, ambalo huhifadhi kiasi cha gramu 100 za glaikojeni, yaani glukosi iliyounganishwa minyororo kwa minyororo, akiba ambayo mtu asipokula humalizika katika muda wa siku moja hivi.

Maradhi makali yanapoingia, iwe ni nimonia, ajali ya pikipiki, kuungua au maambukizi yaliyosambaa kwenye damu, homoni za dharura hupanda kwa pamoja. Adrenalini, kotisoli na glukagoni huliamuru ini limwage sukari; misuli huvunjwa ili protini zake zigeuzwe kuwa glukosi mpya; na wakati huohuo seli za misuli na mafuta huwa nzito kuitikia insulini, ile homoni ya kongosho inayozifungulia mlango sukari iingie. Matokeo yake ni damu iliyojaa sukari ndani ya mwili unaokonda, tena hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kisukari maishani.

Jambo hili si geni kwa sayansi. Mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard, ambaye ndiye aliyegundua glaikojeni, alikwisha kueleza katika karne ya 19 jinsi sukari inavyopanda mnyama anapotokwa na damu nyingi. Kwa muda mrefu madaktari waliichukulia hali hiyo kuwa njia ya mwili kujikinga, wakaiacha.

Tiba yenyewe nayo huchochea moto huo. Dripu ya adrenalini inayotumiwa kuinua shinikizo la damu hupandisha sukari, na dawa za jamii ya steroidi huipandisha zaidi. Ndiyo maana Juni 2020, majaribio ya Uingereza yaliyojulikana kama RECOVERY yalipoonyesha kwamba deksamethasoni inaokoa wagonjwa wa Covid-19 wanaohitaji oksijeni, wodi zilizoipokea dawa hiyo zililazimika kupokea pia kazi ya kupima sukari mara kwa mara. Kenya, iliyotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Covid-19 tarehe 13 Machi mwaka huohuo, ilikuwa miongoni mwao.

Sukari ikikaa juu, chembe nyeupe za damu hupambana na vijidudu kwa udhaifu, vidonda huchelewa kupona, na figo huanza kuitupa sukari pamoja na maji mengi, hadi mgonjwa aliyefika akiwa amepungukiwa na maji azidi kukauka. Kwa mgonjwa wa kisukari asiye na insulini ya kutosha hufuata hatari nyingine: mwili huyeyusha mafuta na kuzalisha asidi zinazoitwa ketoni, damu inachachuka, pumzi inakuwa nzito na ya haraka, na fahamu zinapotea. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba karibu wagonjwa 3 kati ya 10 waliofika wakiwa na hali hiyo walifariki.

Mvutano ulioanzia Leuven

Mwaka 2001 daktari Mbelgiji Greet Van den Berghe na wenzake wa chuo kikuu cha Leuven walichapisha matokeo yaliyotikisa vyumba vya wagonjwa mahututi kote duniani. Waliwagawa wagonjwa 1,548, wengi wao wakiwa wametoka kufanyiwa upasuaji, katika makundi mawili: kundi moja lilipewa insulini kwa bidii hadi sukari ikashuka kati ya milimoli 4.4 na 6.1, na lingine likaachwa na sukari ya juu zaidi. Vifo ndani ya chumba hicho vilishuka kutoka asilimia 8 hadi asilimia 4.6.

Hospitali nyingi ziliufuata mfano huo kwa haraka. Lakini timu hiyohiyo iliporudia kazi kwa wagonjwa 1,200 wasiokuwa wa upasuaji, matokeo yake ya mwaka 2006 hayakuonyesha upungufu wa wazi wa vifo kwa jumla.

Kisha mwaka 2009 yakaja majaribio ya NICE-SUGAR, yaliyoendeshwa zaidi Australia, New Zealand na Canada kwa wagonjwa 6,104. Waliobanwa sukari kati ya milimoli 4.5 na 6 walifariki kwa asilimia 27.5 katika siku 90, ilhali walioruhusiwa kufikia milimoli 10 walifariki kwa asilimia 24.9. Sukari kushuka vibaya kuliwapata asilimia 6.8 ya kundi la kwanza na asilimia 0.5 tu ya kundi la pili.

> Waliobanwa sukari kwa nguvu walifariki zaidi kuliko walioachiwa nafasi.

Tofauti hiyo ina maelezo kadhaa, na la maana zaidi kwa msomaji wa Nairobi ni kwamba Leuven walikuwa na wauguzi wa kutosha, walipima damu ya ateri kwa mashine sahihi, na waliwalisha wagonjwa kwa dripu ya virutubishi tangu mwanzo. Insulini ikiendelea kuingia huku chakula kikiingia pia, na mtu amesimama kando ya kitanda akihesabu, hatari hupungua. Ukiondoa kimojawapo cha vitu hivyo, insulini ileile inageuka kuwa sumu.

Timu ya Leuven haikukata tamaa. Mwaka 2023 ilitoa matokeo ya wagonjwa 9,230 ambao hawakulishwa kwa mishipa mapema na ambao insulini yao ilipangwa kwa msaada wa programu ya kompyuta. Safari hii kubana sukari hakukuua, lakini pia hakukufupisha muda wa kukaa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mwongozo wa kimataifa wa kutibu maambukizi ya damu, uliosahihishwa mwaka 2021, unashauri insulini ianzishwe sukari ikifika milimoli 10, kisha iwekwe kati ya 8 na 10. Kwa maneno mengine, dunia imekubali kwamba mgonjwa mahututi aruhusiwe sukari ya juu kidogo kuliko ya mtu mzima wa afya, kwa sababu kuishusha kupita kiasi kunaua haraka kuliko kuiacha.

Umahututi usio na chumba

Mabishano hayo yote yalifanyika ndani ya vyumba vyenye muuguzi mmoja kwa kila mgonjwa au wagonjwa wawili. Mwaka 2020, watafiti waliopima uwezo wa Kenya kukabiliana na Covid-19 walihesabu vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kupumulia katika nchi nzima, na waligundua kwamba kaunti 22 tu kati ya 47 zilikuwa na angalau chumba kimoja cha aina hiyo. Nairobi ina bahati kuliko kaunti nyingine, lakini sehemu kubwa ya bahati hiyo iko katika hospitali za kibinafsi, ambazo milango yake haifunguki kwa urahisi kwa mpangaji wa chumba kimoja wa Huruma au Pipeline.

Oktoba 2015 nchi ilishtuka iliposikia kwamba mtu aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafariki. Wakati huo kilichozungumzwa sana ni uhaba wa vitanda, na kwa haki kabisa. Kisichozungumzwa sana ni kwamba saa 18 hizo zilikuwa ni uuguzi wa mgonjwa mahututi tayari, kwani mwili haungoji kitanda ndipo uanze kubadilika.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Lancet, uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, uliweka nambari kwenye jambo hilo. Kati ya wagonjwa karibu 20,000 waliolazwa, mmoja katika kila wanane alikuwa mahututi, na asilimia 69 ya mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida. Walio wengi hawakuwa wakipata hata matibabu ya msingi yasiyo ghali, kama vile oksijeni na dripu kwa wanaoyahitaji.

Kwa Eastlands, wodi ya kawaida ina maana ya Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyojengwa kwa msaada wa China na kupewa jina la mke wa Rais Mwai Kibaki, ambayo hupokea watu wa Umoja, Komarock, Kayole na mitaa jirani. Ina maana pia ya vituo vya afya vya kaunti na vya kidini, na vyumba vya matibabu vilivyo ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Humo ndimo mgonjwa mahututi wa mashariki mwa jiji anamoishi saa zake za kwanza, na pengine za mwisho.

Anayedhaniwa amelewa

Sukari ya juu huua polepole na hutoa nafasi ya kufikiri. Sukari ya chini haitoi nafasi hiyo. Ikishuka chini ya milimoli 3 hivi, mtu hutoka jasho, hutetemeka, huongea maneno yasiyoeleweka, hutukana wanaotaka kumsaidia, huanguka, hupata kifafa. Ikikaa chini kwa muda mrefu, ubongo huharibika bila kurudi hali yake.

Dalili hizo zinafanana mno na ulevi, na katika mitaa ambayo chang'aa inauzwa kwa glasi, mtu anayeyumbayumba kando ya Barabara ya Jogoo alfajiri huhukumiwa kabla ya kupimwa. Tatizo ni kwamba pombe yenyewe hushusha sukari: ini likishughulika kuvunja pombe, haliwezi kutengeneza glukosi mpya, na mnywaji ambaye hajala tangu jana hana akiba iliyobaki. Kwa hiyo kunuka pombe si sababu ya kutompima mtu. Ni sababu ya kumpima kwanza.

> Kunuka pombe si sababu ya kutompima mtu. Ni sababu ya kumpima kwanza.

Kundi la pili lililo hatarini ni wazee wanaotumia glibenklamidi, kidonge cha kisukari ambacho ni cha bei nafuu na kimetumika sana kwa miaka mingi. Kidonge hicho hulilazimisha kongosho litoe insulini hata mwenyewe asipokula, na figo zikiwa dhaifu hubaki mwilini muda mrefu. Mama mzee anayekaa na wajukuu Jericho au Kaloleni, akipata homa na kukosa hamu ya chakula lakini akaendelea kumeza dawa kama alivyoagizwa, anaweza kukutwa asubuhi hana fahamu.

Hapo ndipo kipimo cha pili kinapookoa au kinapokosekana. Mzee huyo akidungwa glukosi kwenye mshipa huamka mbele ya macho ya watu, hucheka, huomba chai, na familia hushukuru na kutaka kurudi nyumbani kabla bili haijapanda. Glukosi iliyodungwa, hata hivyo, humalizika haraka, ilhali kidonge bado kinafanya kazi, na baada ya saa chache sukari hushuka tena. Mgonjwa wa aina hiyo anahitaji kupimwa kila saa mwanzoni, kisha kila baada ya saa chache kwa siku nzima au zaidi, tena akiwa analishwa. Hakuna mashine ya bei ghali inayohitajika kwa kazi hiyo. Kinachohitajika ni mtu aliyepewa jukumu na saa ya ukutani.

Watoto hawana akiba

Kenya yenyewe imechangia sana ujuzi wa dunia kuhusu jambo hili. Mwaka 2003 Dkt. Faith Osier na wenzake wa kituo cha utafiti cha Kilifi walichapisha uchunguzi wa sukari ya watoto wanaolazwa katika hospitali ya wilaya, wakaonyesha kwamba sukari ya chini wakati wa kulazwa si jambo la nadra na kwamba inaambatana na vifo vingi kuliko vya watoto wengine. Mtoto ana ini dogo na ubongo mkubwa kwa kulinganisha na mwili wake, hivyo akitapika na kukosa kunyonya kwa nusu siku tu, ghala linaweza kuwa tupu.

Malaria kali nayo hushusha sukari, na dawa ya kwinini, iliyotumika kwa vizazi, huchochea kongosho kutoa insulini na kuishusha zaidi. Majaribio makubwa ya Afrika yaliyotangazwa mwaka 2010, yaliyohusisha watoto 5,425 na ambayo Kilifi ilishiriki, yalithibitisha kwamba dawa ya atesuneti hupunguza vifo hadi asilimia 8.5 kutoka asilimia 10.9 ya kwinini. Nairobi si mji wa malaria, lakini kila Januari familia za Eastlands hurudi kutoka Kisumu, Busia na Kwale baada ya sikukuu, na baadhi ya watoto hurudi na vimelea.

Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari ya mtoto kuwa ya chini ikiwa haifiki milimoli 2.5, au milimoli 3 kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali. Tiba ni mililita 5 za glukosi ya asilimia 10 kwa kila kilo ya uzito, na pale mshipa unapokosekana, sukari ya kawaida iliyoloweshwa maji kidogo huwekwa chini ya ulimi. Miongozo hiyo inaongeza sentensi fupi ambayo husahaulika: pima tena baada ya dakika 30. Katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926 na ambayo wakazi wengi wa Eastlands wamezaliwa humo, hesabu ni nyeti zaidi, kwani njiti na watoto wa akina mama wenye kisukari huweza kushuka sukari katika saa za mwanzo za maisha bila hata kulia.

Kifaa nacho hukosea

Glukomita, kile kifaa cha mkononi kinachosoma tone la damu kwenye stripu, ni baraka kubwa. Lakini viwango vyake viliandikwa kwa ajili ya mtu anayejipima nyumbani akiwa mzima wa kutosha kusimama. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 2013 inaridhika iwapo asilimia 95 ya majibu ya sukari ya chini yatakuwa ndani ya milimoli 0.83 ya jibu la maabara. Maana yake ni kwamba kifaa kinachosema 3.0 kinaweza kuwa sahihi kisheria hali sukari halisi ni 2.2.

Kwa mgonjwa mahututi makosa huongezeka. Mtu mwenye shinikizo la chini sana hana damu inayotembea vizuri vidoleni, hivyo tone la kidole halisemi yaliyomo moyoni na ubongoni. Mwenye upungufu wa damu, ambaye ni mgonjwa wa kila siku katika wodi za watoto na za wazazi, husomewa sukari ya juu kuliko iliyopo kwenye vifaa vingi, jambo linaloficha hatari yenyewe. Kidole kilichoshika ndizi au soda na hakikuoshwa hudanganya pia, na stripu zilizoachwa kopo wazi huharibiwa na unyevu.

Upande wa pili unasema, basi, damu ipelekwe maabara. Nayo maabara ina mtego wake: chembe za damu zikiwa kwenye chupa huendelea kula sukari, na kwa kila saa chupa inapongoja juu ya meza kiasi cha asilimia 5 hadi 7 hupotea, isipokuwa damu imewekwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu yenye floraidi. Mashine za kupima gesi za damu ya ateri ndizo bora zaidi, kwani hutoa jibu sahihi ndani ya dakika chache, ila bei yake na ya kemikali zake huzifanya zikae kwenye hospitali kubwa.

Kati ya pande hizo mbili, hoja yenye uzito zaidi kwa wodi ya kawaida ni ya wanaosema glukomita itumike, lakini msomaji ajue inapokosea: kwa aliye katika mshtuko ichukuliwe damu ya mshipa au ya ateri badala ya kidole, na kwa asiye na fahamu nambari iliyo karibu na mpaka ichukuliwe kuwa ya chini na atibiwe. Kumpa glukosi mtu asiyeihitaji sana ni kosa dogo. Kumnyima anayeihitaji hakurekebishiki.

Mkoba wa mhudumu wa mtaa

Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba ya kazi, na ndani ya mikoba hiyo mlikuwa na glukomita. Kwa mara ya kwanza kifaa hicho kilisogea hadi mlangoni pa nyumba za ploti, na umuhimu wake hauwezi kukadiriwa vyema bila kukumbuka hali iliyokuwapo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 hawakuwahi kupimwa sukari maishani mwao.

Katika Korogocho na Viwandani, mitaa miwili ya mashariki mwa jiji ambako watafiti waliwapima watu wazima 5,190 kati ya 2008 na 2009, chini ya robo ya waliokuwa na kisukari walijua kwamba wanacho, na hawakufika asilimia 5 wale ambao sukari yao ilikuwa imedhibitiwa. Watu hao ndio wanaofika wodini miaka baadaye wakiwa na nimonia au kidonda kilichooza, sukari ikiwa milimoli 25, na daktari asiweze kujua kama ni mshtuko wa maradhi ya leo au ni kisukari cha miaka kumi. Kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, kingejibu swali hilo. Lakini kadi ya mhudumu wa jamii yenye sukari ya Machi na ya Juni ingelijibu pia, tena bure.

Wanaotetea vitanda zaidi vya wagonjwa mahututi na wanaotetea vipimo vya msingi katika kila wodi hushindania mfuko mmoja. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda mfuko maalumu wa dharura, magonjwa sugu na maradhi mahututi, na tangu 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya awali ya afya, NHIF. Fedha hizo huhesabu siku ya kitanda kwa urahisi. Ni vigumu zaidi kuhesabu stripu iliyotumika saa tisa usiku katika wodi isiyo na jina la kifahari, ingawa huenda ndiyo iliyomzuia mgonjwa kuhitaji kitanda hicho. Vitanda vinahitajika, na hakuna anayekaa Eastlands atakayesema vinginevyo, lakini kitanda kisichotanguliwa na vipimo hupokea mgonjwa aliyekwisha kuharibika ubongo.

Saa moja barabarani

Mahali ambapo mnyororo huu hukatika kwa urahisi zaidi ni kwenye uhamisho. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, hospitali za Eastlands ziko chini ya serikali ya Kaunti ya Nairobi, ilhali Kenyatta iko chini ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo mgonjwa anayetoka Kayole kwenda Kenyatta anahama pia kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine, na faili yake hubaki nyuma.

Insulini ya kawaida inayochomwa chini ya ngozi huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, na nguvu yake hufika kileleni kati ya saa mbili na nne. Mgonjwa aliyechomwa saa kumi jioni kwa sababu sukari yake ilikuwa 22, kisha akapakiwa kwenye ambulensi saa kumi na moja, wakati ambapo matatu zimejaza Barabara ya Jogoo kutoka Donholm hadi mzunguko wa City Stadium, atakuwa anafika mapokezi ya Kenyatta dawa ikiwa katika kilele chake, mpira wa chakula ukiwa umefungwa kwa ajili ya safari. Atakayempokea anahitaji mistari minne tu kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye shuka: sukari ilikuwa ngapi na saa ngapi, insulini alipewa kiasi gani na saa ngapi, alikula lini mara ya mwisho, na ndani ya gari alipimwa tena lini.